Mkono wa Kumi na Moja

Wiki iliyopita tuliachana mahali pabaya. Nuro amekaa chumbani kwa Mwanahamisi, amefunikwa kitambaa cha kapulana gubigubi kama sufuria ya wali, na mimi nimesimama mlangoni, zamu yangu imefika.

Lawama nimezipata. Kuna baba mmoja wa Mocímboa kaniletea salamu kwamba nikimwacha mlangoni wiki nyingine atakuja kunisukuma mwenyewe. Haya baba, usisumbuke. Naingia.

Kwa aliyechelewa, nasema mara moja, sirudii. Kikundi chetu cha ngoma ya tufo hapa Palma tulikuwa wanawake kumi na sita. Siku ya kukimbia, wenye bunduki walipouingia mji, tukatawanyika, na tuliporudi tukahesabiana, tukawa kumi na mmoja.

Mstari wa mbele, nafasi ya pili kutoka kulia, ni ya binti yangu Laila. Yeye alipanda mashua na majirani, mimi nikaingia porini na wajukuu. Mashua ile haikuonekana tena. Miaka minne tumecheza na pengo mbele, kama bibi anayecheka bila jino.

Hitima ya Laila haijasomwa. Nilikataa. Nilisema hamna maiti, hamna hitima.

Mwaka huu Mwanahamisi, rainha wetu, mkubwa wa kikundi, akasema pengo lizibwe.

Msidhani kuingia kwetu ni kama kuingia sokoni. Mtu huletwa Ijumaa tatu. Ijumaa ya kwanza hukaa pembeni ya mkeka, hatamki neno, tunamtazama anavyokaa. Ya pili tunamuuliza habari zake kwa jirani, siyo kwa ndugu, maana ndugu husifu. Ya tatu anataniwa mpaka jua linapinda, naye haruhusiwi kujibu wala kulia. Kutania ni kazi yangu. Nimewaliza wengi.

Walikuja wawili. Flávia, anayefanya kazi ofisini, alituletea karatasi yenye picha yake na shule zote alizosoma. Mwanahamisi akaipokea kwa heshima, akafungia ndani yake ndimu. Flávia hakurudi.

Akabaki Nuro. Mjane, mtu wa kisiwa cha Macaloe, kahangaika makambini mpaka Pemba, kaja kwetu mwaka huu, anauza bajia karibu na soko. Nikamtungia:

*Nuro na bajia zako, mchanga mwingi kuliko dengu,
Azilaye kwa wiki mbili, atajenga nyumba tumboni.*

Wenzangu walianguka kwa kicheko. Nuro hakujibu, hakulia. Alinisogezea sahani tu. Nikala saba.

Sasa limebaki la mwisho, la mikono. Mgeni hufunikwa kapulana, haoni kitu. Tunaingia mmoja mmoja. Anayemtaka humwekea kiganja kichwani, akatoka. Asiyemtaka hupita bila kumgusa, wala haulizwi kwa nini. Mgeni mwenyewe ndiye anayehesabu. Ukipungua mkono mmoja, huondoka kwa mlango wa nyuma, na hatulizungumzi tena.

Wenzangu kumi walikwisha kuingia. Mimi wa mwisho.

Nikaingia.

Kapulana ilikuwa inapanda na kushuka kwa pumzi zake. Nikainua mkono.

Nikaona kichwa kile kikiwa mstari wa mbele, pili kutoka kulia.

Nikakohoa. Nikaushusha mkono. Nikatoka.

Nje nilijipangusa uso nikasema joto hili litatuua. Nikakaa kusubiri Nuro aondoke kwa mlango wa nyuma.

Akatoka kwa mlango wa mbele.

"Umehesabu mikono mingapi?" akauliza Mwanahamisi.

Nuro akapitisha macho kwetu sote. Yalipofika kwangu hayakukaa.

"Kumi na mmoja," akasema.

Vigelegele! Khairiya, shoga yangu, alinishika kiuno tukazunguka naye. Mtu anapokuzungusha kwa furaha nawe ndiye mwizi wa furaha hiyo, kizunguzungu chake hakina dawa.

Ningesema nini? Kumwita mwongo ni kujitaja mimi.

Wakamvika sare yetu. Wakampaka usoni msiro, rojo la mti, mweupe pee. Wakamsimamisha mahali pa Laila, ngoma ikapigwa. Akacheza vizuri. Hilo ndilo lililoniua. Angecheza vibaya ningemsamehe.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Mwanahamisi.

"Shoga, yule mtoto kadanganya. Mikono ilikuwa kumi."

"Umejuaje?"

Hapo ndipo ulimi wangu, ambao umenilisha na kunivisha miaka sabini, ukanizika. Niliona swali hilo limesimama mbele yangu kama askari, nami sina karatasi.

"Khairiya kaniambia," nikasema. "Kaniambia hakumgusa."

Mwanahamisi alichukua mtungi wake akanimwagia maji nioshe miguu, kama kawaida yake. Nikajiona nimeponyoka.

Baada ya sala ya alasiri tukaitwa mkekani, sote.

"Nuro," Mwanahamisi akaanza, "jana ulihesabu mikono mingapi?"

Nuro akainamisha kichwa. "Kumi, mama. Nikasema kumi na mmoja."

Wanawake wakaguna. Kudanganya hesabu ya mikono ni kosa lisilo na kipimo. Ni kuanza nyumba kwa tofali bovu, na asiyegusa akasikia uongo akanyamaza, ameshiriki.

"Nani hakukugusa?"

"Nilikuwa nimefunikwa, mama. Mkono usiokuja hauna sura."

Mwanahamisi akageuka. "Khairiya. Ni wewe?"

Khairiya alikuwa anatafuna kipande cha muhogo. Alikitoa mdomoni.

"Mimi? Mimi nilimgusa mpaka shingo yake ikaingia ndani! Nilitoka kukanda mikate. Tazameni kapulana, nimeiachia unga!"

"Imefuliwa," akasema mmoja.

"Basi mmefua na haki yangu! Nani kasema? Nani kaleta hilo neno?"

"Aliyeleta haulizwi," akasema Mwanahamisi.

Kutoka nyuma sauti ikasema, taratibu lakini ya kusikika, "Watu wa ng'ambo ya mto ndivyo walivyo."

Khairiya kwao ni Mtwara. Alivuka Ruvuma akiwa mwali, kaolewa hapa.

"Ng'ambo?" sauti ikamvunjika. "Miaka ishirini na miwili! Nimezaa hapa, nimezika hapa. Siku ya kukimbia nilikuwa na njia ya kwenda kwetu, nikabaki porini na nyinyi tukila mizizi. Leo nimekuwa wa ng'ambo?"

Akanitazama.

"Somoe. Shoga yangu. Wewe unanijua. Sema neno."

Wasomaji wangu, neno nilikuwa nalo. Lilikuwa limenijaa kinywani kama maji ya moto. Mnajua nilisema nini?

"Mikono ya Khairiya ina kazi nyingi," nikasema. "Huenda mmoja ulichelewa njiani."

Wakacheka. Walicheka wote, kwa sababu ni mimi niliyesema, na wamezoea.

Khairiya hakucheka. Alifungua kilemba chake cha sare, akakikunja mara nne, akakiweka mkekani, akaenda zake. Viatu alivisahau. Hakuna aliyemkimbizia.

Nuro naye akaambiwa avue. Akavua.

Nikarudi nyumbani na ushindi wangu. Nafasi ya Laila ilikuwa salama. Nikapika uji, nikawamwagia kuku.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, nikasikia, "Hodi, mama."

Ni Nuro. Kajitwisha furushi, kikaango cha bajia kimefungwa juu.

"Karibu. Umekuja kunipiga au kuniaga?"

"Kuaga. Kesho navuka mpaka pale Namoto. Nina dada yangu upande wa pili."

"Afadhali. Ungenipiga ningekufa, ukabaki na kazi ya kunizika."

Hakucheka. Akakaa kwenye kizingiti.

"Ulijua kuwa ni mimi?" nikamuuliza.

"Nilijua. Wenzako waliingia na bangili zao zinalia. Wewe ulikohoa, kisha ukasimama pale muda wa kusoma Yasini nzima."

"Na hukunitaja."

"Sikukutaja."

"Kwa nini? Mimi nimekutoa mkekani, mwanangu. Ungenitoa na mimi tukawa sawa."

Akakizungusha kikaango magotini.

"Mama, mimi nina neno la Laila."

Kuna watu wengi wanaitwa Laila. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia hata mbuzi wa jirani Rajabo anaitwa Laila.

"Laila wako," akasema. "Yule anayeanza kuimba kabla ngoma haijalia."

Nikakaa.

Mtoto wangu alikuwa na kasoro hiyo. Ngoma bado haijapigwa, yeye keshaanza. Tulimgombeza miaka na miaka. Hakuna mtu wa Macaloe anayeweza kuyajua hayo kwa kuota.

"Mashua ilifika?"

"Ilifika kwetu kisiwani, mama. Laila alikaa nyumbani kwangu siku tisa."

Siku tisa. Nami miaka minne nimemzamisha kila asubuhi, kila nikiiona ghuba ya Tungue imetulia kama haijafanya kitu.

"Kumbe mvivu huyo!" nikasema. "Kafika kisiwani penye samaki wote wale, hakunitumia hata kichwa cha changu!"

Nuro akatikisa kichwa.

"Ndivyo alivyosema utafanya."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mama yangu usimwambie peke yake. Ukimwambia peke yake atalifanyia mzaha, atakucheka mpaka uondoke, kisha atajifungia mlango alie mwenyewe. Waambie wenzangu wa mkekani. Wao ndio wamwambie, wakiwa wengi, asipate pa kukimbilia.' Akaniapisha, mama. Nimeapa."

"Kwa hiyo ulitaka kuingia..."

"Nilimwendea Mama Mwanahamisi mara mbili, nikasema nina neno la mkekani. Akaniambia mtu wa nje hana neno kwenye mkeka. Ingia kwanza, ndipo useme. Basi nikaingia. Ulipopita bila kunigusa, nikaona nikisema kumi, neno la Laila nimelitupa. Nikadanganya."

"Sema sasa. Mimi ndiye mama yake. Sema."

"Nimeapa."

"Nitakupa kuku wote hawa."

"Mama."

"Hata yule anayetaga."

Akasimama, akajitwisha furushi lake.

"Nipo kwa jirani mpaka kesho alfajiri," akasema. "Zaidi ya hapo sijui."

Akaondoka. Nilibaki nimekitazama kizingiti. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nilitaka kujiambia kwamba ni mwongo, amekwisha kudanganya mara moja, anaweza kudanganya mara mbili. Lakini lile la kuanza kuimba kabla ya ngoma halikutaka kunitoka.

Nikaenda kwa Mwanahamisi. Nilimkuta anasugua msiro juu ya jiwe, maji kidogo kidogo.

"Mkono uliokosa ni wangu," nikasema. Sikukaa, sikumpa hata salamu. "Khairiya hakuniambia kitu. Nilimsingizia."

Jiwe likaendelea kusuguliwa. Likasuguliwa tena. Likasimama.

"Nilikushuku wewe tangu siku ile," akasema. "Ulitoka chumbani ukalisingizia joto, na mawingu yalikuwa yametanda. Kisha ukaniletea la Khairiya. Hilo ulinidanganya nikakuamini."

"Shoga..."

"Nafasi ile nimeitunza miaka minne, Somoe. Wanataka kuingia, nawakataza. Nakusubiri wewe. Nilisema siku moja utakuja kuniambia, 'Shoga, inatosha.' Ungeniambia hapana, siitaki izibwe, ningeiacha wazi mpaka nife. Hukuniambia. Ukapita na mkono wako mfukoni, na kesho yake ukaniletea damu ya mwenzio."

Nikachuchumaa mbele ya jiwe lake.

"Nenda kamlete Khairiya," akasema. "Kwa miguu yako."

Nyumba ya Khairiya haiko mbali, lakini siku hiyo ilikuwa mbali kama Nampula. Nilimkuta anafagia. Nikasema yote nikiwa nimesimama uani, kwa sauti, majirani wanasikia. Sikuongeza chumvi hata chembe.

Alipomaliza kunisikiliza akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikasimama. Nikachomwa na jua, nikasumbuliwa na nzi, nikasimama.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amevaa viatu vingine.

"Usinishike," akasema. "Tangulia."

Tukakusanyika alasiri. Nuro aliitwa, akaja na furushi lake hivyo hivyo, hakujua anaitiwa nini. Mwanahamisi akaeleza kila kitu. Hakupandisha sauti. Kila aliponitaja jina, wenzangu walisogea kidogo, mpaka nikawa na nafasi kubwa kwenye mkeka kama mgonjwa wa upele.

Akamkunjulia Khairiya kilemba chake, akamfunga mwenyewe kwa mikono yake. Yule aliyesema "ng'ambo" alilia. Khairiya hakumwangalia.

Kisha akasema, "Nuro alidanganya hesabu. Lakini ameeleza sababu yake kwangu sasa hivi, nami nasema kosa lile nusu yake ni langu, nilimfungia mlango. Mikono kumi anayo. Wa kumi na moja ukitoka, ataingia. Usipotoka, ataondoka. Somoe."

Nuro alikuwa amekaa mbele yangu. Safari hii hakufunikwa. Alikuwa ananitazama.

Kiganja kina uzito gani? Nimebeba maji, nimebeba kuni, nimebeba watoto porini. Sijawahi kubeba kitu kama kile. Nilijua nikikiweka, pale mbele, pili kutoka kulia, hapatakuwa pa Laila tena. Nilikiweka. Nywele zake zilikuwa na joto la jua.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Sasa toka," akasema Mwanahamisi.

"Nitoke?"

"Aliyemsingizia mwenzie mkekani hana mkeka. Unaijua sheria. Wewe ndiye uliyeitungia wimbo."

Kweli, niliitungia. Wimbo wa kuchekesha sana.

"Lakini yeye ana neno la Laila! Mwanahamisi, ni mwanangu!"

"Na lisemwalo mkekani, aliye nje halisikii. Toka, Somoe. Usinilazimishe kukushika mkono."

Nikainuka. Magoti yalilia kwa niaba yangu. Nikatoka uani, nikasimama nyuma ya ua wa makuti, mimi bibi mzima, kama kuku aliyefukuzwa jikoni.

Nikatega sikio. Nasema kweli, nilitia sikio kabisa kwenye makuti mpaka yakanichoma.

Sauti ya Nuro ilikuwa ndogo. Nilisikia "Laila." Nilisikia "siku ya nane." Nilisikia "akaniita." Upepo ukabeba mengine. Nikasikia mtu anauliza kitu, Nuro akajibu neno moja tu, sikulipata.

Nilisubiri kilio. Wanawake wa tufo wakilia, hata Namoto wanasikia. Nikasema wakilia nitajua.

Hawakulia.

Nikasubiri vigelegele. Nikasema, nani anajua, Mungu ni mkubwa, labda vigelegele.

Havikupigwa.

Ukawa kimya. Wanawake kumi na mmoja wamekaa mahali pamoja na hakuna anayesema. Katika maisha yangu sijawahi kuusikia ukimya wa namna ile. Nilitamani mmoja wao apige chafya.

Kisha mlango wa ua ukafunguka.

Nilidhani atakuwa Mwanahamisi. Alikuwa Khairiya. Kilemba alichofungwa muda ule ule alikuwa amekivua, amekishika mkononi, uso umelowa. Nyuma yake akatoka Mwanahamisi, nyuma yake mwingine, na mwingine, mpaka Nuro. Wakanizunguka. Wakakaa chini kwenye mchanga mtupu, pasipo mkeka wala sheria yake, wote, na sare zao safi, hakuna aliyejali.

Nikabaki nimesimama peke yangu katikati.

"Somoe," akasema Khairiya, "kaa chini kwanza."

"Miguu yangu mizima," nikasema. "Niambieni nikiwa nimesimama."

Hawakucheka. Hata mmoja.

Khairiya, ambaye jana yake nilimuuza, akanishika bega akanikalisha mchangani, akanibana ubavuni kwake nisipate kuinuka. Kisha akamgeukia Nuro.

"Anza wewe," akamwambia. "Ukishindwa, tutakupokea."